Allidina Visram, Mwenye Maduka ya Bara

Katika mji wa Arusha, chini ya mlima Meru, hakuna mtoto asiyejua duka ni nini. Akitumwa na mama yake kununua chumvi, au kiberiti, au kipande cha sabuni, hukimbia akarudi kabla maji ya sufuria hayajachemka. Lakini babu za babu zake hawakuwa na duka. Kabla Wadachi, yaani Wajerumani, hawajajenga boma lao hapa katika mwaka 1900, Mmeru au Mwarusha aliyetaka kitambaa au waya wa shaba ilimbidi angoje msafara wa watu wa pwani upite. Msafara ukiisha kupita, hakujua kama utarudi mwaka ule au mwaka mwingine. Boma lilipokwisha simama, wenye maduka wakalifuata, wengi wao Wahindi. Mizigo yao ikaletwa kwa vichwa vya watu na kwa magari ya ng'ombe, maana gari la moshi halikufika Arusha mpaka mwaka 1929. Maduka yakakaa karibu na boma, na watu wakakaa karibu na maduka, ukawa mji.

Miji mingi ya Afrika ya Mashariki ilizaliwa vivyo hivyo. Leo nataka kuwasimulia habari za mtu aliyewazidi wengine wote kwa kazi hiyo ya kupanda maduka barani. Hapa kwetu Arusha hakufanya biashara. Njia zake zilipita kusini yetu, kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na baadaye kaskazini yetu, kutoka Mombasa kwenda Uganda. Jina lake ni Allidina Visram.

Alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, nchi ya Kutch, upande wa magharibi wa Bara Hindi. Kutch ni nchi kavu. Mvua yake ni haba, na ikikosa kunyesha, mashamba hugeuka vumbi. Kwa hiyo watu wa nchi ile tangu zamani wamezoea kutazama bahari kuliko kutazama shamba. Kila mwaka upepo wa kaskazi ulipoanza kuvuma, majahazi yao yalitweka matanga yakaja Unguja, na Lamu, na Mombasa, yakakaa kungoja kusi ili yapate kurudi. Waliokuja walikuwa Wahindu na Waislamu. Allidina alikuwa Mwislamu wa madhehebu ya Ismailia, ambao imamu wao ni Aga Khan.

Katika mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 12, alipanda jahazi akaja pwani yetu. Huo ni umri wa wengi wenu mnaosoma kitabu hiki. Hakuja na mali, wala hakuwa amekaa shuleni muda wa kutosha kumfanya mtu wa elimu. Alikuja kama walivyokuja wavulana wengi wa Kutch, kutafuta kazi kwa mtu wa kabila lake na dini yake, ambaye angempa chakula na mahali pa kulala, na kumfundisha biashara.

Bagamoyo siku zile ulikuwa mji mkubwa wa misafara kuliko yote ya Mrima. Umeelekeana na Unguja, na jahazi likipata upepo mwema huvuka katika siku moja. Kila mwaka maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walishuka kutoka bara wamebeba pembe za ndovu, wakapumzika kwenye makambi, kisha wakapandisha tena na majora ya nguo, na shanga, na waya. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 wakajenga misioni yao. Na katika mwaka 1874 Susi na Chuma na wenzao walifika hapo na mwili wa Dakta Livingstone, baada ya kuuchukua mwendo wa miezi mingi kutoka nchi ya Chitambo. Allidina alikuwa kijana wa miaka 20 na kitu wakati huo.

Aliingia katika kazi ya nyumba ya biashara ya Sewa Haji Paroo. Mtu huyu yafaa tumjue kidogo, kwa sababu Allidina alijifunza mengi kwake. Sewa Haji alikuwa tajiri aliyewatayarishia wasafiri misafara yao. Mzungu akifika pwani, hajui njia wala lugha, alikwenda kwa Sewa Haji, naye akampatia wapagazi, na nguo za kulipia hongo njiani, na hata fedha za mkopo. Stanley alipokuwa akitayarisha safari yake ya kumtafuta Livingstone, mwaka 1871, alishughulika na Sewa Haji, ambaye alikuwa bado kijana, naye akamlalamikia sana katika kitabu chake kuwa ni mwerevu wa hila. Huenda Stanley alikuwa na haki. Lakini mtu yule yule, alipokwisha kuwa tajiri mkubwa, alitoa jumba la ghorofa huko Bagamoyo liwe shule ya watoto wa mataifa yote bila kubaguana, akatoa na mali ya kujenga hospitali Dar es Salaam kwa ajili ya Waafrika na Wahindi. Katika hospitali kuu ya Muhimbili, jengo moja la wagonjwa lingali likiitwa kwa jina lake.

Sasa tutazame biashara yenyewe ilivyokuwa, maana asiyeielewa hataelewa alichokifanya Allidina. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa frasila mbili, na frasila moja ni ratli 35. Basi ninyi wenye kupenda hesabu, fanyeni hesabu hii: msafara wa wapagazi 100 wachukua frasila 200, yaani ratli 7,000. Hizo ni kama tani tatu tu. Behewa moja la gari la moshi lachukua zaidi ya hapo. Na wapagazi wale 100 walitembea muda wa miezi mitatu hivi kutoka Bagamoyo mpaka Tabora, wakila kila siku. Kila mtawala waliyepita katika nchi yake alidai hongo, na wengine wao waliugua wakafa, na wengine walitupa mizigo wakakimbia. Kwa hiyo jora la merikani lililonunuliwa kwa bei ndogo pwani, lilipofika Ujiji lilikuwa limepanda bei mara nyingi. Tena tajiri aliyelituma hakuweza kujua limefika au limepotea mpaka mwaka mzima upite. Aliyefanya biashara ile alimkabidhi mwenziwe mali yake, akamwona akipotea vichakani, akabaki kungoja.

Wala si haki kuificha sehemu mbaya ya biashara ile. Pembe nyingi zilizofika Bagamoyo na Unguja zilitoka katika nchi zilizochomwa moto, na nyingine zilibebwa na watu waliofungwa minyororo. Mfanya biashara aliyekaa pwani na kupima pembe kwenye mizani hakuuliza sana zilikopatikana.

Allidina alijifunza kazi hiyo, kisha akaanza kutuma misafara yake mwenyewe. Lakini alikuwa na wazo ambalo wengine hawakulishika sana. Misafara ya watu wengine ilikwenda ikarudi, ikaacha nyuma yake majivu ya moto wa kambi. Yeye alitaka kitu kinachobaki. Kila mahali palipokuwa na watu wengi, na njia mbili zilizokutana, aliweka mtu wake, na banda, na bidhaa kidogo. Mtu yule akakaa hapo mwaka hata mwaka, akauza na kununua. Hivyo alikuwa na matawi Dar es Salaam, na Sadani, na Tinde karibu na Shinyanga, na Ujiji penye Ziwa Tanganyika. Mwenye pembe moja tu, au mwenye nta au ngozi chache, sasa hakuhitaji kungoja msafara.

Siku hizo hazikuwa za amani. Katika mwaka 1888 watu wa pwani, wakiongozwa na Bushiri, waliinuka kupigana na Wadachi. Vita vilivunja biashara ya Bagamoyo, na misafara mingi ikakatizwa. Vita vilipokwisha, Wadachi wakahamisha makao yao makuu kwenda Dar es Salaam, mwaka 1891. Kisha katika mwezi wa Februari 1897 Sewa Haji akafariki, hali bado hajatimiza miaka 50, na Allidina akabaki ndiye mkubwa wa biashara ile ya misafara.

Hapo ndipo alipofanya jambo kubwa kuliko yote ya maisha yake. Alikuwa na umri wa miaka 46. Mali yake, na marafiki zake, na njia alizozijua kwa moyo, vyote vilikuwa katika nchi ya Wadachi. Mtu mwingine angekaa akavila alivyokwisha vipata. Lakini huko Mombasa, katika mwaka 1896, Waingereza walikuwa wameanza kutandika reli kuelekea Uganda. Allidina aliyekuwa amepata utajiri wake kwa miguu ya wapagazi, aliona kwamba siku za wapagazi zimekwisha. Aliona pia kwamba Bagamoyo, mji uliomlea, utakufa. Na ndivyo ulivyokuwa. Bagamoyo ulififia, na Mombasa ukasitawi.

Akaja Mombasa, akaifuata reli. Kazi ya reli ilifanywa na vibarua wengi kutoka Bara Hindi, jumla yao kama 32,000, na katika hao wapatao 2,500 walikufa kwa maradhi na kwa ajali. Huko Tsavo, mwaka 1898, simba wawili walizoea kuwatoa watu katika mahema yao usiku, hata kazi ikasimama kwa muda, mpaka wanyama wale walipopigwa risasi na kufa katika mwezi wa Desemba. Kila reli iliposogea, duka la Allidina lilisogea pamoja nayo, kwa maana vibarua walihitaji unga, na mchele, na samli, na tumbaku. Nairobi yenyewe ilikuwa mbuga yenye maji baridi ambapo Wamasai walinywesha ng'ombe zao. Reli ilifika hapo mwaka 1899, na mji ukaanza kwa mahema. Mwisho wa mwaka 1901 reli iligusa maji ya Ziwa Victoria, mahali palipoitwa baadaye Kisumu, na Allidina alikuwa na duka hapo.

Lakini hakungoja reli imfikishe Uganda. Watu wake walikuwa wamemtangulia kwa miguu. Reli haijafika ziwani, tayari alikuwa na duka Kampala, chini ya kilima ambacho Kapteni Lugard alijenga ngome yake mwaka 1890. Baadaye majahazi yake yakawa yakivuka ziwa. Duka jingine likafunguliwa Jinja, penye maporomoko ambayo siku zile mto wa Nile ulitokea ziwani kwayo, na jingine Entebbe, na mengine Busoga na Bunyoro. Kisha akaendelea kufuata mto kuelekea kaskazini mpaka Gondokoro katika nchi ambayo sasa ni Sudani ya Kusini, na magharibi mpaka Kongo. Kabla ya kufa kwake maduka yake yalikuwa zaidi ya 100. Hakuna mtu mwingine siku zile aliyekuwa na maduka mengi kama yake katika nchi hizi.

Je, mtu mmoja aliwezaje kusimamia maduka 100, wakati ambapo barua ilichukua majuma kufika? Hakuweza kuyasimamia yote kwa macho yake. Aliyasimamia kwa kuamini watu. Aliwaita vijana kutoka Kutch, wengine hawajaota ndevu, kama alivyokuja yeye. Kijana alipokwisha jifunza vipimo na daftari, alipewa bidhaa kwa mkopo, akapelekwa mahali asipopata kuona mtu wa kwao hata mmoja. Huko alijenga banda la miti na nyasi, akajifunza lugha ya wenyeji, akauza nguo na chumvi, akanunua ngozi na pilipili na ufuta, akayapeleka yote kwa tajiri wake. Miaka ikipita, kijana aliyefanya vema alilipa deni lake akafungua duka lake mwenyewe. Allidina hakuliona hilo kuwa hasara, maana mwenye duka mpya naye alinunua bidhaa kwake. Wengi wa Wahindi waliopata kuwa matajiri Uganda baadaye walianza hivyo, wakiwa makarani wa Allidina, au wakiwa wadeni wake.

Wako walioshindwa pia, nao ni wengi kuliko wale ambao majina yao yamebaki. Homa iliwaua, na upweke uliwarudisha kwao. Tangu mwaka 1900 hivi ugonjwa wa malale ulienea pwani ya Ziwa Victoria. Katika miaka michache ulikwisha kuua watu zaidi ya 200,000, hata serikali ikawahamisha waliosalia wakae mbali na maji. Mtu aliyekuwa ameweka duka katika kijiji chenye watu wengi aliona kijiji kikigeuka msitu mbele ya macho yake, na deni la tajiri wake lingali pale pale.

Sasa tuseme jinsi maduka yale yalivyobadilisha maisha ya wenyeji. Kwa Mapatano ya mwaka 1900, kila nyumba katika Buganda ililipa kodi ya rupia tatu kwa mwaka. Mkulima angezitoa wapi rupia tatu? Alikuwa na ndizi nyingi, lakini ndizi haziendi Ulaya. Duka lilikuwa mahali ambapo kazi ya mikono yake iliweza kugeuka kuwa fedha. Mwenye duka alinunua kitu chochote kilichoweza kuuzwa ng'ambo: ngozi ya mbuzi, kikapu cha pilipili, mfuko wa ufuta. Kisha tangu mwaka 1904 pamba ikaanza kupandwa. Mbegu zililetwa na kampuni iliyoanzishwa na marafiki wa misioni ya Waingereza, zikagawiwa kwa machifu. Pamba ikasitawi mno. Allidina alikuwa miongoni mwa Wahindi wa kwanza kujenga viwanda vya kuichambua. Alikuwa pia na vinu vya kukamulia mafuta ya ufuta, na viwanda vya soda, na karakana za meza na viti, na mashamba makubwa ya mpira na mazao mengine.

Fauka ya hayo, alikuwa kama benki. Benki ya kwanza Uganda ilifunguliwa Entebbe mwaka 1906. Kabla ya hapo mtu aliyetaka kupeleka fedha kutoka pwani hakuwa na njia njema kuliko kumpa mfanya biashara wa Kihindi, akaandikiwa hundi, na karatasi ile ikilipwa dukani huko bara. Hundi ya Allidina ilipokewa kila mahali. Hata maofisa wa serikali walimtegemea. Hebu fikirini: kipande cha karatasi, chenye maneno machache ya Kigujarati ambayo mpokeaji pengine hawezi kuyasoma, na mtu akakiamini kama rupia za fedha mkononi.

Wazee wengi wa Uganda walimkumbuka Allidina kwa wema, na si ajabu. Alikuwa tayari kukopesha na kungoja. Lakini mimi, niliyefundisha watoto hesabu kwa miaka mingi, hujiuliza swali moja kila nisomapo habari zake. Katika maduka yale yote zaidi ya 100, Mwafrika alikuwa wapi? Alikuwa mlangoni, amebeba mzigo. Alikuwa shambani, analima pamba. Alikuwa mbele ya meza, ananunua. Nyuma ya meza, penye daftari na mizani, hakuwako. Allidina alichukua wavulana wa miaka 12 kutoka kijiji kilicho mbali, ng'ambo ya bahari, akawafanya matajiri. Wavulana wa Kampala na Jinja waliokuwa karibu naye hawakupata mafunzo hayo. Sidhani kwamba aliwachukia. Alifanya kama desturi ya watu wake ilivyokuwa, kumwamini ndugu kwanza, na serikali ya siku zile nayo haikutaka mambo yawe vingine. Lakini jambo lile lilikuwa deni, nalo halikuandikwa katika daftari lo lote.

Mwaka 1914 vita vikuu vilianza. Nchi ya Wadachi na nchi ya Waingereza, ambazo Allidina alikuwa amezifanyia biashara zote mbili, zikawa maadui, na majeshi yakapita huku na huku chini ya Kilimanjaro na Meru. Meli zilipungua, bei zikavurugika. Naye alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 60, lakini hakuacha desturi yake ya kwenda mwenyewe kutazama kazi zake. Katika mwaka 1916, baada ya safari ya Kongo, alishikwa na homa, akafa.

Mali ile kubwa haikukaa. Mwanawe Abdulrasul aliirithi, lakini maduka 100 yaliyofungwa pamoja kwa imani ya mtu mmoja hayakuweza kufungwa kwa karatasi. Baba alikuwa akijua kila karani na kila deni. Alipokufa, maarifa hayo yalikwenda naye. Tena bei ya mazao ilipanda baada ya vita kisha ikaanguka ghafula, na wadeni wengi hawakuweza kulipa. Abdulrasul naye hakuishi siku nyingi. Alifariki mwaka 1923. Muda mfupi baadaye, nyumba ya biashara iliyojulikana toka Bagamoyo hata Gondokoro ikawa jina tu. Makarani wa zamani ndio walioendelea, kila mtu na duka lake.

Wajukuu wa makarani wale walikuwa wangali Uganda mwaka 1972, wakati Idi Amin alipowaamuru Wahindi watoke nchini katika muda wa siku 90. Maelfu yao walipanda gari la moshi kwenda Mombasa, kwa njia ile ile ambayo babu zao waliifuata kuja. Walifunga milango ya maduka, wengine wakiacha bidhaa zingali juu ya rafu. Baada ya miaka kupita, baadhi yao walirudi.

Kabla hajafa, Abdulrasul alikuwa ametoa mali ya kujenga shule Mombasa kwa kumbukumbu ya baba yake. Hapo kwanza ilikuwa shule ya watoto wa Kihindi. Baadaye ikafunguliwa kwa wote. Ingali pale, na jina lililo mlangoni ni la yule mvulana aliyefika pwani mwaka 1863. Wanafunzi wake leo ni wa makabila yote ya Kenya, nao hujifunza humo, pamoja na mambo mengine, kutunza hesabu za biashara.